Jinsi ya kudarizi sampla kama ya wasichana wa shule wa miaka 200 iliyopita

Sampla ni kitambaa ambacho msichana wa shule alijifunzia kudarizi: mistari ya herufi juu, tarakimu chini yake, maneno ya dini, pengine nyumba na miti, kisha jina lake, umri wake na mwaka. Kati ya 1800 na 1840 hivi, huko Uingereza na Marekani, kazi hii ilikuwa sehemu ya masomo ya wasichana wengi sana. Binti wa mfanyabiashara alidarizi kwa hariri za rangi nyingi, na kazi yake ikatundikwa sebuleni ili wageni waone jinsi mtoto alivyofundwa. Yatima na mtoto wa shule ya hisani mara nyingi alipewa uzi wa rangi moja tu, kwa sababu herufi zilezile ndizo angekuja kuombea kazi. Kila shuka, taulo na kitambaa cha meza cha nyumba kubwa kilitiwa herufi za mwenye nyumba na namba, ili vikienda kufuliwa virudi vyote na vihesabike. Mtumishi aliyejua kutia alama hizo alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuajiriwa.

Kama ulisoma sayansikimu, au ulikua ukimtazama mama au shangazi akidarizi vitambaa vya makochi, mishono unayo tayari. Kinachobaki ni utaratibu. Wengi wanaotengeneza sampla leo huanza na nyumba na maua, halafu herufi zinachomekwa palipobaki. Wasichana wale walifanya kinyume, nami nakusihi uwafuate: herufi kwanza, maneno yafuate, picha baadaye, na jina lako mwisho, lisikosekane. Herufi ndizo zinazoufundisha mkono kuhesabu, na majina yao ndiyo yaliyotuwezesha kujua kwamba waliwahi kuishi.

Hatua ya 1: Tazama za zamani, uchague mtindo

Kabla hujanunua hata sindano, tazama picha za sampla halisi. Makumbusho ya Victoria and Albert ya London yanazo nyingi na yameweka picha zake mtandaoni. Humo imo hata ya Jane Bostocke ya mwaka 1598, ambayo ndiyo kongwe zaidi ya Kiingereza inayojulikana kuwa na tarehe. Kuza picha hadi uone nyuzi za kitambaa. Usitazame upya wa rangi. Tazama msichana alianzia wapi, alibanwa wapi na nafasi, aliruka nini.

Mitindo ni mingi, lakini kwa mtu anayeanza naona mitatu inatosha kuchagulia.

Wa kwanza ni wa shule za Wakweka, Wakristo wanaothamini maisha ya kawaida yasiyo na makeke. Shule ya Ackworth ya Yorkshire, Uingereza, iliyoanzishwa 1779, ilijulikana kwa mapambo yenye pande nane yaliyojaa maumbo ya kihesabu, mara nyingi kwa rangi moja tu. Ndani ya maumbo hayo msichana alitia herufi za kwanza za majina ya rafiki zake. Shule ya Westtown ya Pennsylvania, Marekani, iliyofunguliwa 1799, nayo ilifuata mkondo huo, na wasichana wake walikwenda mbali zaidi hadi wakadarizi tufe za dunia za hariri, zenye mistari ya latitudo na longitudo. Mtindo huu unataka hesabu kali, lakini hautaki kipaji cha kuchora.

Wa pili ni wa nyumba na bustani: nyumba nyekundu ya matofali, miti miwili inayofanana, ndege, mnyama paa, kapu la maua, na pengine Adamu na Hawa wamesimama chini ya mti, nyoka akiwa amejizungusha shinani. Huu ndio unaopendwa zaidi leo.

Wa tatu ni wa maneno matupu. Dada watatu wa familia ya Brontë, Charlotte, Emily na Anne, ambao baadaye wakawa waandishi wakubwa, walidarizi sampla za namna hii walipokuwa watoto, na zilizokamilika mwaka 1829 na 1830 zimehifadhiwa kwenye nyumba yao ya Haworth. Karibu zote ni maandiko ya Biblia, yamezungukwa na pindo jembamba.

Mwongozo huu unafuata mtindo wa pili kwa sababu unakupitisha kwenye kila kitu. Ukiumaliza, hiyo mingine miwili haitakushinda.

Hatua ya 2: Kitambaa

Wasichana wengi walitumia kitani. Uingereza kulikuwa pia na kitambaa chepesi cha sufu, kilichopendwa sana tangu karne ya 18. Kilikuwa laini na rahisi kuhesabika, lakini nondo walikila, na ndiyo maana sampla nyingi za sufu zina matundu leo. Chukua kitani, au pamba iliyofumwa kwa uwazi wa namna hiyo.

Sharti kuu ni moja: nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio (za upana) zihesabike, na ziwe sawa kwa idadi. Dukani, pima sentimita 5 kwa rula upande mmoja, hesabu nyuzi, kisha geuza na uhesabu upande wa pili. Ukipata 55 huku na 55 kule, hicho ndicho kitambaa chako, na vipimo vyote nitakavyotoa hapa ni vya kitambaa hicho chenye nyuzi 11 kwa sentimita. Ukipata 55 na 48, herufi zako zitakuwa pana au ndefu kuliko ulivyopanga, na nyumba yako itaonekana imekandamizwa.

Kuna watakaouliza kuhusu marekani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kinachopatikana kila soko. Kina historia inayogusa habari hii. Miaka ya 1830 meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga Unguja, zikileta kitambaa hicho na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi, utomvu mgumu wa miti. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said, sultani aliyetawala Unguja, na Marekani ulifanywa mwaka 1833. Na Salem huohuo ulikuwa mji wenye sifa ya sampla za wasichana tangu karne ya 18. Lakini kwa kazi hii marekani haifai, kwa sababu nyuzi zake zimebanana mno kuhesabika kwa macho. Itumie kama bitana ya nyuma utakapoweka fremu. Kama kitani ni ghali kwako, kuna vitambaa vya pamba vilivyofumwa kwa vijiboksi maalumu kwa mshono wa msalaba, na hivyo vinafaa kwa kujifunzia, ingawa mwonekano wake si wa zamani.

Kata kipande cha sentimita 34 kwa 42.

Hatua ya 3: Nyuzi, sindano na rangi

Uzi wa pamba wa kudarizia, ule unaouzwa kwa fungu la mita 8 lenye nyuzi 6 zilizoshikana, unafaa kabisa. Tenganisha, utumie nyuzi 2 kwa wakati mmoja. Ukiweza kupata hariri, tumia hariri, maana ndiyo waliyoitumia wengi wao, na mng'ao wake haufanani na wa pamba hata kidogo. Sindano iwe butu, namba 24 au 26, ili ipite katikati ya nyuzi za kitambaa bila kuzichoma. Subana, ile kofia ya kidoleni, ni hiari yako.

Kuhusu rangi nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotoka nje ya njia.

Rangi za kutengenezwa kwa kemikali zilianza 1856, pale William Henry Perkin, kijana wa Kiingereza, alipopata zambarau yake akiwa anatafuta dawa ya malaria. Kabla ya hapo, nyuzi zilitiwa rangi hasa kwa vitu vya asili. Buluu ilitoka kwenye nili. Nyekundu ilitoka kwenye mizizi ya mmea, au kwenye wadudu waliokaushwa walioletwa kutoka Meksiko. Manjano ilitoka kwenye majani na magome, na kijani ilipatikana kwa kutia manjano juu ya buluu. Kwa hiyo pinki kali, zambarau ya kung'aa na chungwa la moto havina nafasi kwenye sampla ya 1820.

Hata hivyo usidanganywe na ufifu wa zile za zamani. Jua na mwanga wa miaka mingi vimezila rangi. Manjano hufa mapema kuliko buluu, na ndiyo maana majani mengi ya sampla za zamani yanaonekana ya buluu leo. Makumbusho yakipiga picha ya upande wa nyuma, ambao haukupigwa na mwanga, unakuta kijani mbichi, waridi na dhahabu. Mimi huchagua rangi kwa kutazama nyuma. Msichana hakudarizi kitu kilichopauka. Alidarizi kitu kilichong'aa mbele ya mwalimu wake, na naona ni haki yake tukumbuke hivyo.

Chukua buluu ya nili, nyekundu ya tofali, kijani cha zeituni, manjano ya dhahabu, kahawia na nyeupe ya maziwa. Sita zinatosha. Nyeusi itumie kwa mstari mwembamba tu. Kwenye sampla za zamani uzi mweusi na wa kahawia nzito ndio ulioharibika kwanza, kwa kuwa ulitiwa rangi kwa chumvi ya chuma, na chuma hicho hula hariri taratibu hadi ikadondoka. Kuna sampla ambazo herufi nyeusi zimebaki kuwa matundu ya sindano tu.

Hatua ya 4: Panga kwenye karatasi ya grafu

Kila kiboksi cha karatasi ni msalaba mmoja, na kila msalaba unapita juu ya nyuzi 2 za kitambaa. Kwa kitambaa cha nyuzi 11 kwa sentimita, unapata misalaba 5.5 kwa kila sentimita.

Chora mstatili wa viboksi 100 kwa upana na 140 kwa urefu. Ukidarizi utakuwa na sentimita 18 kwa 25 na nusu, na kitambaa ulichokata kitabaki na karibu sentimita 8 kila upande za kupindia na kukazia. Toa viboksi 12 kila upande kwa ajili ya pindo la mapambo na nafasi yake. Ndani utabaki na viboksi 76 kwa 116.

Sasa gawa hizo 116 kutoka juu kwenda chini. Mistari miwili ya herufi kubwa zenye urefu wa viboksi 7, na nafasi ya 4 katikati yake, inachukua 18. Acha 4, weka mstari wa mapambo wa 5, acha 4. Tarakimu 7, kisha acha 5. Maneno ya mistari mitatu, kila mmoja 9 pamoja na nafasi yake, ni 27; acha 4. Nyumba na miti 26, acha 4. Jina, umri na mwaka 12. Jumlisha, utapata 116 kamili.

Upana nao unataka hesabu. Ipe kila herufi kubwa viboksi 5, isipokuwa M na W zenye 7 na I yenye 3, na uache kiboksi 1 kati ya herufi na herufi. Wasichana wa wakati ule mara nyingi walidarizi herufi 24, kwa sababu katika mazoea ya zamani I na J zilihesabiwa kitu kimoja, na U na V vilevile. Usishangae ukikuta sampla isiyo na J, hakuisahau. Alfabeti yetu ya Kiswahili, bila Q na X, na Ch ikichukua nafasi ya C, nayo ni herufi 24. Gawa 12 juu na 12 chini. Mstari wa A hadi L, ukiipa Ch viboksi 10, unachukua 74. Mstari wa M hadi Z unachukua 75. Vyote vinaingia kwenye 76.

Sijui kama wasichana wote walipangiwa kwenye karatasi, lakini makosa ya wengine yanaonekana wazi: herufi tatu za mwisho zimebanwa ukingoni, au neno limekatika na silabi yake kupandishwa juu ya mstari. Napenda sana sampla hizo. Hata hivyo wewe panga. Nafasi ikikubana baada ya kupanga, itakuwa imekubana kweli.

Hatua ya 5: Andaa kitambaa

Kifue kwa maji ya vuguvugu, kipige pasi kikiwa na unyevu, kisha pinda kingo zake kwa mshono wa kawaida ili zisifumuke. Kikunje mara mbili kupata katikati, ufungue, na upitishe uzi wa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, wa rangi tofauti kwenye mikunjo yote miwili. Pitisha bandi nyingine kila baada ya nyuzi 20 za kitambaa, yaani kila misalaba 10. Kazi hii inachosha na utatamani kuiruka. Usiiruke. Kosa la uzi mmoja kwenye herufi A huonekana ukifika pindo la chini, na wakati huo dawa yake ni kufumua.

Hatua ya 6: Herufi

Kata uzi wa dhiraa moja, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Mrefu zaidi ya hapo utachanika na kupoteza mng'ao kwa kupitapita kwenye kitambaa.

Usifunge fundo. Toa sindano mbele ukiacha mkia wa sentimita 3 nyuma, na mishono yako ya kwanza iufunike mkia huo. Toa sindano chini kushoto, hesabu nyuzi 2 kwenda juu na 2 kwenda kulia, izamishe. Hiyo ni nusu ya msalaba. Toa chini kulia, izamishe juu kushoto, na msalaba umekamilika. Mguu wa juu uelekee upande mmoja kwenye kazi yote. Ukichanganya, mwanga utalipiga kila eneo kivyake na herufi zitaonekana na madoa.

Maliza kila herufi na ukate uzi, au uufiche chini ya mishono ya nyuma, kabla ya kwenda herufi nyingine. Uzi ulioruka nyuma kutoka A hadi B huonekana mbele kama kivuli. Walimu wa wakati ule waligeuza kitambaa na kukagua nyuma, kwa sababu shuka lenye alama huonekana pande zote mbili. Kulikuwa hata na namna ya msalaba inayotoka sawasawa mbele na nyuma, kwa kupita mara ya pili kwenye baadhi ya miguu. Kwa sampla ya kwanza inatosha nyuma yako iwe safi.

Mistari yote miwili fanya kwa misalaba. Kama umeshapata mkono, jaribu pia mshono wa jicho: chagua tundu moja la kitambaa liwe kitovu, kisha leta mishono 8 kutoka pembe na katikati za mraba wa nyuzi 4 kwa 4, yote ikizama kwenye kitovu hicho. Vuta kidogo kila unapozamisha, na tundu dogo litafunguka katikati. Jicho moja linachukua nafasi ya misalaba minne, kwa hiyo herufi za macho hazitaingia kwenye mpango wetu: tumia macho kwenye mstari wa mapambo tu. Sampla za watoto wa umri wa miaka 8 zina mistari mizima ya macho haya, na anayeidharau kazi ya mtoto ajaribu mstari mmoja.

Hatua ya 7: Tarakimu na mstari wa mapambo

Hapa hakuna ugumu mpya. Tarakimu 1 hadi 9 na 0, nafasi zikisambazwa sawa. Mstari wa mapambo uwe wa kujirudia, mfano pembetatu za misalaba 5 zinazopanda na kushuka, au wimbi lenye jani kila linapopinda. Anza kudarizi kutoka katikati kwenda kulia, kisha kutoka katikati kwenda kushoto, ili miisho yote miwili ifanane. Alama za mataji unazoona kwenye baadhi ya sampla za Kiingereza zilikuwa za ngazi za watu wa ukoo mkubwa, kwa ajili ya kutia kwenye vitambaa vyao. Kama huna mpango wa kumtumikia mtawala yeyote, ziache.

Hatua ya 8: Maneno

Maneno yaliyopendwa sana yalikuwa ya dini na adabu: mistari ya Biblia, na beti za Isaac Watts, mchungaji aliyeandikia watoto nyimbo mwaka 1715. "Mkumbuke Muumba wako siku za ujana wako", kutoka Mhubiri 12, ulidariziwa mara nyingi mno.

Chagua maneno yako kwa kuyahesabu. Ukizipa herufi ndogo viboksi 4, m 7, i 1 na j 3, na nafasi ya 3 kati ya neno na neno, basi "Mkumbuke Muumba" peke yake ni viboksi 83 na haingii kwenye mstari wa 76. Itabidi "Muumba" lishuke mstari wa pili. "Haba na haba" ni 54 na "hujaza kibaba" ni 57. Zinaingia kwa raha mistari miwili, na wa tatu unabaki wazi kwa ua dogo. Aya, methali, shairi la bibi yako, vyote vinafaa. Kinachofaa kuliko vyote ni maneno ambayo ungekubali kuyatazama kwa miaka mingi, maana utayashona polepole, na kila herufi itakukalia kichwani.

Kuna sampla moja ambayo kila anayefika hatua hii anapaswa kuijua. Iko Victoria and Albert, na ilidariziwa karibu mwaka 1830 na Elizabeth Parker wa Ashburnham, Sussex, aliyezaliwa 1813. Haina nyumba, haina pindo, haina hata ua. Ni mistari 46 ya maneno kwa uzi mwekundu kwenye kitani, kwa misalaba midogo kabisa. Anaanza kwa kueleza kwamba kwa kuwa hawezi kuandika, anayaweka haya kwa urahisi kama ambavyo angezungumza na mtu wa kumwamini. Kisha anasimulia: utumishi wa ndani akiwa bado mtoto, ukatili wa mwajiri, na jaribu la kujiua. Kazi inakatika katikati ya sentensi, akiuliza roho yake itakuwaje. Hapo kitambaa ni kitupu hadi chini.

Elizabeth hakufa wakati ule. Aliishi hadi 1889, na akawa mwalimu wa shule kijijini kwake. Alifundishwa mshono huu ili aweze kutia alama shuka za watu, na yeye akaugeuza kuwa sauti yake. Ninaposema herufi kwanza, ndiye ninayemfikiria.

Hatua ya 9: Nyumba, miti na pindo

Nyumba ya sampla huchorwa kwa uso tu: ukuta, mlango katikati, madirisha sawa kushoto na kulia, paa, bomba la moshi. Usiipe kina. Weka nyumba katikati kabisa ya viboksi 76, upana 30 hivi, kisha mti mmoja kila upande. Ndege anaweza kuwa mkubwa kuliko dirisha na kipepeo mkubwa kuliko mbwa. Wasichana hawakujali hilo, na ukilirekebisha utapoteza haiba yote. Wala huna haja ya kudarizi nyumba ya Kiingereza. Wao walidarizi nyumba walizozijua au walizoota, nawe weka ya makuti, ya bati au ya baraza ukipenda.

Ukuta ujaze kwa misalaba ya rangi ya tofali, au kwa mishono mirefu iliyolala sambamba bila kuachiana nafasi, ambayo humaliza haraka na kung'aa zaidi. Mistari ya mlango na madirisha ipitie kwa mshono wa nyuma, uzi mmoja badala ya miwili.

Pindo la stroberi linalotambaa ndilo la kipindi hasa. Chora tunda na jani ndani ya viboksi 10, ili yarudiwe mara 10 kwenye upana na mara 14 kwenye urefu. Kona ndizo zilizowashinda wengi: mashina mawili yanakutana, moja linapanda, jingine linashuka, na msichana anaziba pengo kwa jani lisilo na asili. Ukitaka kona zilizo safi, chora kwanza kona peke yake kwenye karatasi, uigeuze kwa kioo kidogo kilichosimamishwa kwenye mshazari, na uone kama shina linaendelea. Usipotaka, ziba kwa jani.

Hatua ya 10: Jina, umri, mahali, mwaka

Andika jina lako lote. Si herufi za kwanza tu. Jina lote, na mahali ulipo, na mwaka. Nasisitiza kwa sababu nyingi.

Kuna sampla zilizodariziwa Sierra Leone miaka ya 1830 kwenye shule za Church Missionary Society, shirika la wamisionari wa Kianglikana. Wasichana wale walikuwa wameokolewa kutoka kwenye meli za watumwa zilizokamatwa na jeshi la majini la Uingereza, wakashushwa Freetown. Wafadhili wa Uingereza waliolipia masomo ya mtoto waliweza kumchagulia jina, na sampla zao zilipelekwa kwa wafadhili kama ushahidi wa elimu. Kwa hiyo tunasoma kwenye kitambaa jina la Kiingereza lililoshonwa vizuri sana na msichana ambaye mama yake alimwita jina jingine. Lile jingine halikushonwa popote.

Kule Baltimore, Marekani, shule iliyoanzishwa 1828 na Elizabeth Lange, ambaye mwaka uliofuata aliunda shirika la watawa Weusi la Oblate Sisters of Providence, iliwafundisha wasichana Weusi kusoma, kuandika na kudarizi, wakati utumwa ulikuwa bado halali katika jimbo lilelile. Sampla zao chache zilizobaki zina majina yao na jina la shule, na bila mistari hiyo ya chini hakuna mtu ambaye angejua ni kazi ya nani.

Hata Unguja, kwenye shule ya wasichana ya Mbweni iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana miaka ya 1870 kwa watoto waliookolewa utumwani, ushonaji ulikuwa sehemu ya masomo.

Mpangilio wa kawaida ulikuwa: jina, kisha "kazi yake", umri, mwaka. Kwa Kiswahili yatosha "Kazi ya mkono wa" fulani, mji na mwaka. Umri ni hiari yako. Wapo wanawake ambao walipokuwa watu wazima waliufumua mwaka wao wa kuzaliwa kutoka kwenye sampla iliyotundikwa sebuleni, na matundu ya sindano yanaonekana hadi leo.

Hatua ya 11: Kuosha, kukaza na kutundika

Fumua bandi zote. Jaribu rangi kwa kukandamiza pamba nyeupe yenye maji nyuma ya kila rangi; ikitoka na doa, usioshe kazi yote. Kama ni salama, ilowanishe kwenye maji baridi yenye sabuni laini kidogo, usisugue, suuza hadi maji yawe meupe, itandaze juu ya taulo, kisha ipige pasi kwa nyuma ikiwa juu ya taulo nene ili mishono isilale.

Kwa fremu, tandaza bitana ya marekani iliyofuliwa juu ya ubao wa karatasi ngumu isiyo na asidi, weka sampla juu yake, na uikaze kwa uzi unaokwenda na kurudi nyuma ya ubao, kutoka ukingo hadi ukingo. Usitumie gundi wala stepla zenye kutu. Kioo kisiiguse, weka vipande vyembamba vya karatasi ngumu kwenye kingo za fremu ili kuwe na hewa, la sivyo kwenye unyevu wa pwani ukungu utaota ndani ya msimu mmoja wa mvua. Itundike ukuta usiopigwa na jua. Kama umetumia sufu mahali popote, fungua fremu mara moja kwa mwaka utazame nondo.